Vijiko Viwili vya Mvinyo wa Yohane

Armand Wormser alisimamia mvinyo wa Pasaka wa sinagogi letu hapa Strasbourg kwa miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kusikia mtu akilitilia shaka neno lake. Hakuwa msomi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Yeye ni mjane, mpole, mwenye koti moja la kijivu, na kwenye ibada tunaketi benchi moja.

Kazi yake ilikuwa kijijini, kwa akina Kientz, wakulima Wakatoliki. Zabibu ni za kwao, lakini tangu zinapokamuliwa hadi chupa inapofungwa, anayeugusa mvinyo wetu ni Myahudi tu. Armand ndiye aliyetia lakiri, ule muhuri wa kufungia, kwenye kizibo cha kila pipa. Watu mia tatu walikunywa kwa kuiamini lakiri hiyo.

Tarehe ishirini na saba Desemba alikuwa ghalani akijazia pipa la nne. Simu ikaita. Mle ghalani mtu hasikiki, kwa hiyo akatoka uani kuzungumza na binti yake. Pipa aliliacha wazi kwa dakika kumi.

Aliporudi alimkuta Bibi Philomène, mama yake Kientz, mwenye miaka themanini na tisa, amesimama kando ya pipa na chupa ndogo na kijiko.

"Nimekutilia viwili," alisema, uso umechangamka.

"Viwili vya nini, Bibi?"

"Vya Mtakatifu Yohane, leo sikukuu yake. Padri kaubariki mvinyo asubuhi hii. Mapipa ya kwetu yote nimeshayatilia, yasichache. Haya yenu nikayaonea huruma, yamekaa kama yatima."

Mvinyo uliotoka kwenye ibada ya dini nyingine ulikuwa ndani ya pipa la Pasaka, umetiwa na mtu aliyemtakia Armand mema.

Kientz alikuja mbio na kumvuta pembeni. "Armand, bwana, vijiko viwili kwenye lita mia sita. Nani atajua? Tia lakiri yako, yaishe."

Armand alikuwa ameshika koleo la kubania lakiri. Alisimama nalo. Kisha akaliweka chini.

"Pipa hili si letu tena," alisema.

Bibi Philomène alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Kwa hiyo mkono wangu ni uchafu? Miaka yote hii hujaonja hata mkate wangu, sikusema kitu. Leo hata baraka unaitapika?"

"Mkono wako hauna kosa, Bibi. Kosa ni langu, nimeacha pipa wazi. Yohane ni wenu, sikuja kubishana naye. Ila sisi hatumwombi, na mvinyo wake hatuunywi."

"Mungu si mmoja?"

"Ni mmoja."

"Basi nyie mnapenda taabu tu."

"Hata marehemu mke wangu alisema hivyo."

Bibi hakucheka. Alichukua kijiko chake akaondoka.

Saa ileile Armand alimpigia rabi simu na kumweleza yote. Pipa likatolewa, Kientz akaliuza kwa watu wake. Wiki iliyofuata rabi akamwondoa Armand kazini. "Si kwa ajili ya vijiko," alimwambia. "Ni zile dakika kumi."

Sinagogi zima liliduwaa. Mtu ninayemheshimu aliniuliza, "Mjinga gani huyu anayejichongea mwenyewe?" Nilimjibu kwamba afadhali tunywe maji Pasaka nzima kuliko mvinyo wa msimamizi anayejua kunyamaza. Nasema hivyo hadi leo. Rabi alifanya haki, na Armand alifanya haki, na sioni kwa nini watu walitaka moja kati ya hayo liwe kosa.

Jumamosi moja nilimuuliza Armand kama kuondolewa kumemuuma.

"Kazi itampata mwingine," alisema. "Kinachoniuma ni lile koleo, ndugu yangu. Unadhani niliposimama nalo nilikuwa nasali?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kunyamaza. Na nilishaipata. Sijui kwa nini mkono ulishuka."

Nilimtazama mtu niliyeketi naye benchi moja miaka yote ile. Nilikuwa nimeshamsifia kwa watu wengi mno.