Mtamba wa Daktari

Baba yangu alikataa kurudi kwenye upasuaji wa pili kwa sababu moja tu: hakuwa amemlipa daktari wa upasuaji wa kwanza.

Alikuwa na kidonda cheusi kwenye unyayo. Kwao Butiama waliusingizia mwiba kwa muda mrefu, mpaka hospitali moja ya Musoma wakakikata, wakapima, wakasema ni saratani ya ngozi na mizizi imebaki. Lazima wakate tena, na mapema. Nilimweleza mzee kwamba bima imeshailipa hospitali, na daktari ana mshahara wa serikali. Akikata kikubwa au kidogo, mshahara ni uleule. Alinitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

“Mtu akikukata bila kumlipa, kidonda hakiponaga,” alisema. “Yule binti daktari ameshika mguu huu unaonuka. Nitarudije mikono mitupu?”

Mimi nauza vitenge mjini na watu wananifahamu. Nikamshauri, kama ni lazima, tutie kitu kidogo kwenye bahasha. Akasema cha kwenye bahasha ni cha mwizi. Ushauri ule bado unanitia aibu, lakini kuna kilichonitia aibu zaidi.

Siku ya miadi alinipigia nimkute getini. Nikakuta kirikuu, gari dogo la mizigo, imeegeshwa, na nyuma yake mtamba mwekundu amefungwa kamba, mkojo wake unachuruzika barabarani. Baba amevaa koti lake la kanisani, kaegemea fimbo, anabishana na mlinzi. Watu wanacheka, na kati yao wamo wateja wangu wawili. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikaweka simu sikioni. Hakuna aliyekuwa amenipigia.

Daktari akaitwa, mwanamke kijana. Nilidhani atafoka. Alimshukuru, akasema kazi hii ameshalipwa na haruhusiwi kupokea kitu. Baba akanywea. Kwetu ukikataliwa ng'ombe ni kama umekataliwa wewe na ukoo wako. Akamgeukia dereva, akamwambia awashe gari. Nilijua akiondoka na mguu ule, ndiyo basi. Bado sikuvuka barabara.

Daktari akamshika mkono. “Baba, mimi nimepanga chumba, sina zizi. Mrudishe nyumbani. Akizaa nitakuja kunywa maziwa kama mgeni. Lakini nani atamchunga kama mguu haujapona?”

Baba akafikiri, akacheka kidogo. “Basi ni wako. Mimi namchungaga tu.”

Akakubali kukatwa. Daktari akamwambia leo atahitaji mtu wa kumshika akitoka, akamuuliza amekuja na nani.

Baba akatazama ng'ambo. Aliniona vizuri, na simu yangu sikioni.

“Nimekuja peke yangu,” akasema, akaingia ndani akichechemea.

Mguu umepona. Mtamba amezaa, na kila nikienda nyumbani mzee ananimiminia maziwa yake kwa mkono wake mwenyewe, ananiuliza habari za duka na za wajukuu. Hajawahi kuniuliza siku ile nilikuwa naongea na nani.