Ufunguo wa Tangi la Kobad

Mdogo wangu Surot alikuwa na mkono wa kulia ambao gati nzima ya Kalidoho iliuonea wivu. Mimi dada yake ndiye niliyemlea tangu mama alipotuacha, kwa hiyo nitamsema ninavyotaka. Alikuwa na majivuno. Injini ikiletwa, anabana mpini wa spana kwa meno, ncha anaigusisha kwenye chuma, anafumba macho, kisha anakutajia ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Mtu akizoea kupatia anaona haya kusema sijui, na hapo ndipo ninapomlaumu, ingawa ni damu yangu.

Kobad alileta mashua yake ya kubebea mchanga wakati mto umefurika. Injini ikibebeshwa mzigo inazimika; ikipumzika kidogo inawaka kama haikuwa na neno. Surot akaisikiliza kwa meno yake, akamwambia Kobad, "Kaka, nipe ufunguo wa tangi."

Kwetu injini ni ya fundi, tangi ni la mwenye chombo. Fundi hagusi tangi, maana dizeli ikipungua hata kikombe ataitwa mwizi. Kobad alizidi wote. Tangi lake alilipiga kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni, analala nao, anaoga nao.

"Tangi langu linakuhusu nini?" alisema. "Nimeita mganga wa injini au mnywaji wa dizeli?"

Watu wakacheka. Badala ya kukusanya vyombo vyake na kurudi nyumbani, Surot akasema, ili tu aonekane anajua, "Basi ni ringi za pistoni. Zimekwisha." Wakabadilisha ringi. Injini ikanguruma vizuri, na Kobad akamtia tambuu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo fundi naye hupanda. Ndiyo desturi: anayesema chombo kimepona, akakae ndani yake. Surot alikaa kando ya injini, Kobad kwenye usukani, na Romiz, mdogo wake Kobad, alisimama mbele na upondo. Mchanga ulikuwa mwingi hadi maji yanalamba ukingo. Walipofika darajani injini ikazimika, mkondo ukawabeba. Romiz akauegemeza upondo kwenye nguzo ili aisukume mashua, upondo ukavunjika, akaanguka katikati ya nguzo na mashua. Surot aliniambia alizisikia mbavu. Sitaki kuongeza hapo.

Mashua ilivutwa hadi gatini ikiwa imetoboka, maiti imelazwa juu ya mchanga. Nilifika na masizi ya sufuria mikononi, nikamkuta Surot yuko chini na watu waliokula wali nyumbani kwangu wanamkanyaga. Nilimuuma mtu sikio mpaka nikaonja damu. Sijui lilikuwa la nani na sijutii. Wakaniburuta kwa nywele. Kobad akamshika Surot, akauweka mkono wake wa kulia juu ya injini, akachukua mpini wa kuwashia, chuma kile kizito, akaupiga mkono. Akapiga tena. Vidole vikabaki kila kimoja kinatazama kwake.

"Huo ni wa ringi," alisema. "Sasa lete wa kushoto, huo ni wa ndugu yangu."

Surot hana shamba. Ana watoto na ana mikono, basi. Nikajiona namlisha kwa kijiko mpaka nife, na watoto wake wakitembeza bakuli sokoni.

Tofazzol, mkubwa wa gati, akainua fimbo yake. Nilidhani anatuokoa, kumbe. "Maiti kwanza," akasema. "Toeni dizeli iuzwe, tupate sanda. Mkono utangoja, hauna miguu ya kukimbilia."

Kobad akavua ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Mtu akachomoa mpira wa chini ya tangi. Dizeli ikachuruzika, ikakoma. Wakalitikisa tangi, ikatoka kidogo, ikakoma tena. Kobad akaingiza mkono kwa juu, akavuta, na ikatoka gamcha, kitambaa chake cha begani chenye miraba myekundu, ambacho gati nzima ilimjua nacho. Kifuniko cha tangi kilikuwa hakibani, yeye akakisokomeza kitambaa hicho, kikatumbukia, akavaa kingine akanyamaza. Injini ikivuta kwa nguvu kitambaa kinaziba tundu la kupitishia dizeli. Ikizimwa kinaachia.

Kobad alisimama nacho mkononi, dizeli inamtiririkia miguuni. Waliokuwa wamenishika nywele wakaniachia mmoja mmoja.

Jomila, mjane wa Romiz, ndiye aliyesogea. Kwetu mke wa mdogo mtu hamfunulii uso kaka wa mumewe, wala hatamki jina lake. Jomila aliutupa ushungi nyuma. "Kobad," alisema, nasi sote tukashtuka. Akamnyang'anya gamcha, akamchapa nayo usoni, kulia, kushoto, pigo juu ya pigo, hadi macho ya Kobad yakafumbika kwa dizeli na pua ikatoka damu. Hakujikinga. Jomila alipochoka kumpiga, Kobad akapapasa, akampa ule mpini wa chuma, akaulaza mkono wake mwenyewe juu ya injini.

"Vunja, shemeji," alisema. "Ni haki yako."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Vunja, Jomila."

Jomila aliuinua mpini. Kisha akautupa mtoni.

"Ukivunjika, wanangu watalishwa na nani?" alisema. "Mkono huo naudai mzima. Utachota mchanga uwalishe wangu, na wa Surot, na wako, katika hiyo hiyo riziki. Siku ukiumwa, nakuja kukuamsha mimi."

Tofazzol akafungua mdomo. Jomila akamtazama tu, naye akaishusha fimbo yake.

Surot siku hizi hufanya kazi kwa kushoto, polepole. Neno lake la kwanza ni fungua tangi, na anayekataa anarudishwa na chombo chake. Wengi wanakataa, wanakwenda kwa mafundi wengine. Kobad hupita kwetu kila siku ya soko, anauweka mchele mlangoni bila kuangalia ndani, shingo yake haina kitu. Mimi sijamsamehe. Nautwaa mchele, naupepeta, napika, na Surot anakula kwa mkono wa kushoto, mkono ambao nilimfundisha utotoni, kwa kofi, asile nao.