Majembe ya Mama Kwenye Simu Yangu

Enzi zetu wimbo ulikuwa mzigo. Sisemi kwa mafumbo, nasema mzigo wa kichwani. Hapa Pasiansi palipokuwa na harusi, na Baba akaombwa muziki, basi dada yangu Nyamizi alitwishwa gramafoni, kaka yangu Masanja akabeba betri kwenye kapu, na mimi Wande, kitinda mimba, nikafungiwa santuri kwenye kanga ya Mama na kuwekewa kichwani. Mama alisimama mlangoni akitupigia kelele: “Wande, ukijikwaa utaimba wewe mpaka asubuhi!” Nilitembea kama nimebeba mayai. Mbwa wakibweka, sigeuki. Inzi akitua puani, namwacha atembee.

Leo nyimbo zile zote ziko ndani ya simu yangu hii, na simu nimeifunga kwenye pindo la kanga, na sioni uzito wowote. Jamani! Tangu Jumamosi silali vizuri kwa furaha, ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi niliyeishia darasa la nne. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Watoto watanicheka, na wacheke tu.

Mjukuu wangu Kabula ndiye aliyelianzisha. Kabula anafundisha sekondari, anaishi Buzuruga na mumewe na watoto wao wawili. Alikuja na kompyuta yake na kamashine fulani ka kupigia santuri na kaseti, akasalimia, “Shikamoo, Bibi,” nikaitikia, “Marahaba,” na kabla sijamkaribisha chai ameshainama chini ya kitanda changu anavuta lile sanduku la bati. “Leo, Bibi, haya makorokoro tunayahamisha.” Nikamwambia makorokoro ni hayo mawigi yake.

Tulipoanza, nikawa kama mtoto. Karatasi za katikati ya santuri nyingi zimeliwa na mende, huwezi kujua ni wimbo gani. Na kompyuta ya Kabula haitaki wimbo usio na jina. Lakini mimi nilizijua santuri zile kabla sijajua herufi, nikazitambua kwa majeraha yake. Sindano ikishuka tu, kwaruu, kwa, kwaruu, nasema, “Hii aliikanyaga Masanja akicheza twisti. Ni ule wimbo wa kumlilia Maria.” Na kweli, mara Maria huyo anaitwa. Nyingine ikaguna mara moja ikanyamaza. “Hii ilidondoshwa na Mama Tekla, Mhaya wa nyumba ya pili, siku ya kipaimara cha mwanawe. Alilia kuliko sisi.” Kabula akawa anacheka mpaka anafuta machozi. “Bibi, wewe unakumbuka hata mende!” Mende siwakumbuki. Watu nawakumbuka.

Tukafika kwenye zile zilizopinda. Hapo ikabidi niache chai.

Mnakumbuka betri zetu? Zikichoka tulizianika juani zipate nguvu, na zilipata, hata mkibisha. Sisi kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kulinda dagaa walioanikwa juu ya miamba kule ufukweni, tukifukuza kunguru na yangeyange, na betri za Baba tulizipanga palepale pembeni ya dagaa. Ndiyo maana kwetu muziki ulinuka samaki. Basi siku moja Nyamizi akafikiri sana. Kama jua linaponya betri, na linaponya dagaa wasioze, si litaponya na santuri zinazokwaruza? Akazibeba, akazisugua kwa sabuni ya kufulia kwenye maji ya ziwa, akazipanga juu ya mwamba, zinang'aa, nyeusi tii. Tukarudi kwa kunguru wetu. Saa sita tunakuja kuzianua, zimejikunja kama michembe!

Tulijua tunakufa. Baba alizishika moja moja, akazigeuza, akamwita Mama: “Mama Nyamizi, teleka maji. Watoto wako wameleta viazi vya kukausha.” Hakutupiga. Alizibana chini ya jiwe la kusagia, zikanyooka kidogo, na tangu siku ile waimbaji wa santuri hizo waliimba kama watu walio kwenye mtumbwi siku ya upepo: sauti inapanda, inashuka, inapanda. Sisi tulizizoea hivyo. Nilipokuja kuzisikia nyimbo hizohizo redioni, zimenyooka, nikadhani redio imekosea.

Kabula akaniambia kompyuta inaweza kuinyoosha sauti ile. Nikamwambia iguse uone. Akaacha.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na kaseti moja, imefungwa kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Sikuwa nimeipiga miaka na miaka, kwa hofu kwamba redio itaila, kwa sababu ndani yake yumo Mama, na hayumo mahali pengine popote.

Ilikuwa hivi. Baba aliuza ng'ombe akanunua redio kaseti. Mama alinuna. “Ng'ombe anakula majani. Hii itakula betri. Na maziwa haitoi.” Wakati ule tulikuwa na shamba kule Igombe, na kina mama walilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walisimama mstari mmoja, wamejifunga kanga viunoni, na Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Jinsi ilivyokuwa: Mama anatupa jina la mtu katikati ya wimbo, na aliyeitwa hajibu kwa mdomo, anajibu kwa jembe. Anapiga peke yake, dii! Kisha wote wanapiga pamoja, na udongo unageuka. Huwezi kudanganya pale. Uliyechoka, jembe lako linakusema.

Na yaliitwa majina yao wenyewe. Nyumbani walikuwa Mama Sayi, Mama Tekla, Mama Fulani. Shambani walikuwa Minza, Mbuke, Milembe, Nkwimba, Ng'walu. Na mwisho wa mstari alikuwa Holo. Holo alikuwa mfupi, mcheshi, jembe lake lina mpini uliolegea, likipiga linalia kama kifuniko cha sufuria. Hakujaliwa mtoto. Nilikuwa nawapelekea maji nikamsikia akimtania Mama: “Wenzangu mtaitwa na wanenu mpaka kaburini. Mimi nani ataniita?” Mama akamwambia, “Si nakuita mimi kila siku? Shika jembe.”

Siku hiyo Baba aliiweka redio kaseti juu ya kichuguu, akabonyeza, akanionya nisikohoe. Mama hakutaka kuamini kwamba sauti inaingia. Baba akamwambia aimbe bila kulima, aimbe vizuri, akae kivulini. Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa apike bila moto. “Jembe likinyamaza, mimi nitaimba na nani?” Akalima, akaimba.

Basi Kabula akaisafisha kaseti kwa pamba, akaiweka. Nikashika rozari. Mara, jamani, Mama! Sauti ile ile nyembamba yenye mkwaruzo. Anaita Minza, anaita Mbuke, anaita Milembe. Anapita kwa Nkwimba na Ng'walu, na mara sauti ikazama, gwruuu, ikawa nene kama ya fahali, ikakatika. Mashine imekula mkanda. Kabula akauvuta taratibu, ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku, kipande kimoja kimekatika.

Mimi nikakaa chini, sakafuni.

“Usilie, Bibi, tumepata nusu,” akasema Kabula. “Sikiliza, tena imetoka safi.” Akanipigia ile nusu aliyoinasa. Mama akaimba. Sauti imeng'aa, kama yupo studio. “Minza...” Kimya. “Mbuke...” Kimya. “Milembe...” Kimya.

Nikamuuliza, “Majembe yako wapi?”

“Majembe gani?”

“Yanayoitika! Mama yangu anaita watu, hawaitiki! Wamekufa?”

Kabula akaniangalia. “Bibi, kulikuwa na makelele, kitu kinagonga gonga. Nimeiambia kompyuta iyatoe wakati inanasa, ili tumsikie mama yako vizuri.”

“Kayarudishe.”

Akashika kichwa. “Sikuyahifadhi, Bibi. Yamebaki humo kwenye mkanda tu.” Na mkanda ndio huo, vipande viwili mezani.

Sikumgombeza. Alitaka kunipendezesha, na yeye hajawahi kuona watu wakilima kwa wimbo. Atajuaje? Nilikaa pale sakafuni nikamkumbuka Masanja, Mungu amrehemu. Hakuna kaseti iliyomshinda Masanja. Mitaa yote hii walimletea mikanda iliyoliwa, na mimi ndiye niliyemshikia wembe.

Nikainuka. “Kabula, nipe wembe, selotepu, na kalamu yenye pembe.”

“Bibi, macho yako!”

“Macho ni yako. Mikono ni yangu.”

Tukafungua skurubu, yeye ananielekeza mkanda ulipo, mimi nanyoosha kwa ukucha kama Masanja alivyofanya. Penye mkunjo ule mbaya palikuwa pameshakatikakatika, haponyeki. Ikabidi kukikata na kukitupa kipande kile, kirefu kama kidole. Nikakata mshazari, nikaunganisha ncha kwa ncha, nikabandika selotepu upande wa mgongo, nikasugua. Nikatia kalamu kwenye tundu, nikauzungusha mkanda polepole. Kabula naye akaizima ile dawa yake ya kusafisha sauti. “Bibi, itapita mara moja tu. Ikikatika tena, basi.”

“Bonyeza.”

Kwanza ukaja mvumo, kama mvua inayotoka ng'ambo ya ziwa. Kisha Mama. “Minza!” Dii! Na wote: didii! Ukuta wa nyumba yangu ukaitika. “Mbuke!” Dii! Nikasimama. “Milembe!” Dii! Kumbe mikono yangu inajua, imeinuka yenyewe, nalima sebuleni, nalima zulia! Kabula anacheka huku analia, anapiga meza. “Nkwimba!” Dii! “Ng'walu!” Dii!

Ikafika penye kiungo. Tukashika pumzi. Sauti ikaruka kidogo, tap, kama mtu aliyevuka mfereji, na wimbo ukaendelea mbele. Haukukatika! Lakini nikasikia jembe linalia, nge!, kile kifuniko cha sufuria, na halijaitwa. Jina lilikuwa kwenye kile kipande kirefu kama kidole nilichokitupa. Kilichopona ni kuitika kwake tu.

Nikapiga ukelele kwa nguvu zote za kifua changu: “Holo!”

Nilichelewa, jembe lilishapita. Kabula akashtuka. Nikamweleza Holo ni nani. Akaniuliza kama aniingize, aninase nikilitamka jina, alichomeke pale, hakuna atakayegundua. Nikafikiri. Nikamwambia hapana. Mimi si mwimbishaji. Paache wazi.

Baadaye kompyuta ikataka jina la mwimbaji. Nikataja wote, mstari mzima. Kabula akasema huandikwa mtu mmoja. Nikamwambia, basi iambie kompyuta wale walikuwa wanalima, na mtu mmoja halimi mstari. Akaandika wote.

Siwasemi vibaya watoto wa siku hizi, ila kidogo. Wana nyimbo zote za dunia mfukoni, na kila mmoja amejiziba masikio na vidude vyake, mume wimbo wake, mke wake. Wimbo haujafika katikati wameshauruka. Wanacheza mbele ya simu, hakuna aliyewashika mkono. Enzi zetu ulikuwa huwezi kusikiliza peke yako hata ukitaka. Mmoja abebe gramafoni, mwingine betri, mwingine santuri, na majirani waje na viti vyao. Ulikuwa mzito, wimbo, kwa hiyo ulihitaji watu.

Lakini Jumapili vitukuu wangu walikuja, wale watoto wawili wa Kabula, nikawafungulia simu kwenye spika, nikawapanga mstari mbele ya nyumba na vijiti mkononi. Niliwafundisha majina yote mara moja tu. Mama yangu akaita, wao wakapiga chini. Minza, dii! Mbuke, dii! Jirani wakachungulia ukutani, wengine wakaja na viti. Na tulipofika pale penye pengo, kabla sijafungua mdomo, watoto wakapaza sauti, wote wawili, mpaka kunguru wakaruka kwenye bati:

“Holo!”

Na jembe lake likaitika.