Lincoln ya Papa Lambert

Lambert alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, akiishi Bertrams, Johannesburg. Mwaka 2009, Wakongo wenzake wa kanisani walipokuwa wakijisifia shule walizosoma, naye akasema amesoma Lincoln, Uingereza. Hakuwahi kukanyaga huko. Alisimuliwa tu na mwalimu wake wa misheni, mzee mzaliwa wa mji huo. Lakini neno likishatoka halirudi. Wakaanza kumwita Mwingereza, naye akaitika.

Miaka mitatu baadaye akaja kanisani mama mmoja mgeni, kutoka Lincoln hasa. Mchungaji akafurahi. "Papa Lambert, simama utusimulie mji wenu!"

Aliyekuwa akimtafsiria mgeni ni Diane, binti yake Lambert, aliyekulia hapahapa na kukijua Kiingereza kuliko Kiswahili.

Lambert akaeleza kanisa kuu lililo juu ya kilima, na bondeni viwanda vya chuma vikitema moshi tangu reli ilipofika enzi za Malkia Viktoria. Makasisi juu, wafua vyuma chini. Watu wakasikiliza kimya, naye akanogewa. "Asubuhi nilikuwa naamshwa na farasi wa mikokoteni ya makaa," akasema, "na jioni mtu anapita akiwasha taa za gesi."

Diane alisita, kisha akamwambia mgeni kwa Kiingereza, "Baba anasema hivyo ndivyo mwalimu wake alivyomsimulia."

Mgeni akatabasamu. Akajibu kwamba huo ni mji wa nyanya wa nyanya yake. Kanisa bado lipo juu ya kilima, lakini farasi na taa za gesi vilikwisha zamani.

Diane akawageukia waumini. "Mgeni anasema Papa anaujua mji kama mzaliwa."

Makofi yakapigwa. Kiingereza cha Lambert kilitosha kuelewa kote kuwili. Mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusali alikuwa amepindisha maneno mbele ya madhabahu, bila kupepesa macho, kwa ajili yake.

Njiani akamwuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Siku nyingi. Mama aliniambia."

"Na ukanyamaza?"

"Sasa ningefanya nini, Papa? Nikuache wakucheke? Sharp, hakuna aliyejua."

Hiyo "sharp", neno la vijana wa Johannesburg la kusema mambo ni shwari, ilimchoma kuliko kicheko chochote.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi, akasema kweli yote, ila la Diane hakuligusa. Wengine waliguna, mmoja alicheka waziwazi. Kwa muda mrefu baadaye Lambert alikaa kiti cha nyuma, akitoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Diane alitoka naye.