Safu ya Maoni Waliyoisoma Wazazi Wote

Jamani, aibu nimewahi kuzipata, lakini ile ya kikao cha wazazi nikiikumbuka masikio yanapata moto mpaka leo, na nawasimulia kwa sababu hapa mtaani Chemchem kila mtu anayo habari tayari, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Historia, miaka ishirini na sita nashika chaki. Tukapelekwa semina, tukaambiwa mtihani wa karatasi peke yake hautoshi, mwanafunzi apimwe pia kwa kusimulia, kwa kazi za mikono, kwa kuhoji watu, na alama ziwekwe kwenye jedwali la mtandaoni ambalo mzazi atalifungua kwenye simu. Nilipenda (kimoyomoyo, maana wenzangu wa umri wangu walikuwa wanaguna). Basi nikawapa Kidato cha Pili kazi juu ya njia ya misafara, ile ya mapagazi wabeba mizigo, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kupitia hapa kwetu, kila mmoja aonyeshe kwa namna yake alichojifunza.

Kwenye jedwali nikaongeza safu ya maoni yangu binafsi, ya kumbukumbu tu. Mwalimu Shija, kijana wetu wa kompyuta, akaniuliza, "Madam, nikuangalizie kabla hujawatumia wazazi? Hiyo safu inatakiwa ifichwe."

"Niache, Shija. Nimeanza kufundisha wewe hujazaliwa."

Nikaificha mwenyewe: maandishi nikayapa rangi nyeupe, yasionekane. (Msicheke.) Sikujua kwamba kwenye simu ukigusa kisanduku, maneno yote yanajitokeza chini.

Siku ya kikao nikasimama mbele na kitenge changu kipya, nikawatumia jedwali, nikasema kwa madaha, "Tafuteni jina la mwanao, halafu guseni mstari wake wote."

Wakagusa. Mtu mmoja akacheka puani.

Mama Neema, fundi cherehani, akasimama na simu yake. "Madam, hapa umeandika, 'Ramani imedariziwa vizuri sana. Mama apewe tisini, Neema hata kushika sindano hajui.'"

Baba mmoja naye, "Wangu umemwandika, 'Anaongea kama baba yake, hamalizi,'" akaanza kujitetea, akajitetea weee, mpaka watu wakawa wanajifuta machozi kwa kicheko. Mkuu wa shule alikuwa anaangalia dari.

Ndipo akainuka Fundi Hamisi, seremala. Huyu wiki moja kabla alikuja kuniambia binti yake Mwajuma hana akili ya shule, anamtoa, anampeleka Bukene kwa shangazi yake akauze duka. Akavaa miwani, akasoma polepole:

"'Mwajuma. Amesimulia safari ya mapagazi dakika kumi bila karatasi, darasa zima kimya. Miaka miwili nampa sifuri. Iliyofeli ni mitihani yangu, si mtoto.'"

Akainua macho kutoka kwenye simu.

"Na hili umeandika wewe, Madam?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu wangu anasikia, wazazi wote wanasikia, mwalimu mzima nimekiri kwa maandishi yangu.

"Nimeandika mimi," nikasema. "Mama Neema, lako nilikosea, nisamehe. Lakini la Mwajuma silifuti."

Fundi Hamisi akavua miwani, akaikunja. "Basi Bukene haendi. Na hiyo hadithi ya mapagazi, mimi baba yake sijawahi kuisikia. Leo atanisimulia."

Jioni nikaenda kwa Mama Neema kuomba radhi vizuri, mlangoni kwake. Alininunia kidogo, akanipa chai, akakiri kwamba hata ile nukta ya Ujiji aliidarizi yeye.

Sasa kila Jumatano baada ya vipindi nakaa na Shija, ananifundisha, nami namwitikia "ndiyo mwalimu" bila kuona haya. Na nimeapa: neno nisiloweza kumsomea mzazi usoni, juu ya mwanae siliandiki popote, hata kwa wino mweupe.