Pete Ishirini na Nne za Firmin Kabamba

Firmin Kabamba alikuwa mtu wa kupima mara tatu. Hata mama mkwe alipomwomba amkatie mguu wa kiti, alipima mara tatu, mpaka yule mama akauliza kama kiti kinakwenda kuoa. Alizaliwa Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi, mtoto wa baba aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Akajifunza kuchonga vyuma kwenye mashine, akavichonga miaka thelathini. Kampuni ilipoanza kuyumba, akafungua karakana yake nyuma ya nyumba, na rafiki yake Kabongo akamfuata.

Ndipo ikaja ile kazi. Serikali, kule mji mkuu Kinshasa, ilikuwa imetenga fedha za kujenga mashine ya kukimbiza chembe, vitu vidogo kupita vumbi lolote unalolijua, ili wataalamu wachunguze ndani yake vitu vinaumbwaje. Na safari hii, wakasema, vipuri visiagizwe Ulaya. Mafundi wa humu humu wapewe kazi, wajifunze, wakue. Firmin akapewa mchoro wa pete ishirini na nne za shaba safi. Atengeneze kwanza kwa fedha na jasho lake mwenyewe. Zikikubaliwa, karakana itaandikwa kuwa inafaa, na kazi zitafuata kwa miaka. Zikikataliwa, basi.

Alizichonga miezi saba. Umeme wa bwawa la Koni ukikatika, alikaa akasubiri. Kupima alipima alfajiri tu, shaba ikiwa baridi, maana shaba ikipata joto hupanuka, na mchoro haukuruhusu hata unene wa nusu unywele.

Mkaguzi alifika mwezi wa tano, mwaka tisini na mbili, saa nane mchana. Alikuwa enjenia Lambert, kijana wa Kapolowe aliyesomea mbali, suruali imepigwa pasi lakini viatu vimechoka. Firmin na Kabongo walikuwa wamemngoja barabarani tangu asubuhi; waliporudi naye walikuta meza uani, imetandikwa kitenge, na pete zote juu yake zinawaka kama jua lenyewe. Zilimvuta enjenia; akachukua moja kwa kitambaa ili asiichafue, akaipima. Akaipima tena.

“Papa Firmin, hii haikubali. Inapita kipimo.”

“Inapita na ngapi?”

“Sehemu tatu za mia za milimita.”

Firmin alisikia masikio yakiziba. Aliona mdomo wa Kabongo ukicheza, hakusikia neno. Miaka thelathini! Akanyoosha mkono kuishika ile pete, labda alione kosa kwa vidole. Akaiachia mara moja.

“Ni moto!” akapiga kelele. “Madeleine! Nani alitosha bino bintu mu nyumba, akabiweka inje?”

Mkewe akatoka jikoni, anafuta mikono. “Ni minye, tangu saa tatu. Nilibisugua na ndimu, nikabiweka pa jua bing’are. Bageni banatoka mbali, tubaonyeshe bintu mu giza?”

“Mama, ulibipika!” Kabongo akasema. “Ni bukari hii ya kula na mboga, ulikuwa unangojea biive?”

Firmin hakungoja wacheke. Alileta ndoo ya maji, akaizamisha pete, akahesabu polepole, akaitoa, akaikausha kwa shati lake mwenyewe. “Pima sasa, enjenia.”

Lambert akapima. Akageuza, akapima upande mwingine.

“Iko sawa,” akasema. “Kabisa kabisa.”

Kabongo akapiga makofi, Madeleine akapiga vigelegele. Lakini Lambert hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa meza kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

“Papa, pete yako ilipokataa, minye nilifurahi.”

“Ulifurahi juu ya nini?”

“Juu sikupaswa tena kudanganya.” Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Jina la Firmin lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa mashine, na chini yake neno moja: *Hazifai.* “Fedha za mashine ziliondolewa tangu mwezi wa kwanza. Ile mashine haitajengwa. Wakubwa hawataki kusema hivyo. Wanataka kusema mafundi ba humu hawakuweza.”

Firmin alilitazama lile neno. Lilikuwa limeandikwa Kinshasa, kabla pete haijaguswa na mtu, labda wakati yeye alikuwa hapa anapuliza vidole kwa baridi ya alfajiri.

“Basi andika ingine,” akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo. “Kama mashine hakuna, hakuna. Lakini mukono yangu usiiseme bongo, maneno ya uongo.”

“Papa, watanifukuza.”

“Weye,” Kabongo akaingilia, “walikulipa lini mara ya mwisho?”

“Mwezi wa kumi.”

“Sasa watakufukuza ku kazi gani?”

Lambert alicheka bila kutaka, cheko lililokwama katikati. Kisha akasema zipozwe zote. Wakazizamisha moja baada ya moja, Madeleine akikausha kwa kanga safi, na enjenia akitaja kila kipimo kwa sauti hadi ya ishirini na nne. Akakata lile neno, akaandika kwa mkono wake: *Zinafaa zote,* akatia sahihi na tarehe.

“Hii ni ndiyo ya kwanza ninaandika,” akasema, akifunika kalamu. “Karakana tisa nimezungukia. Nane zote nilitia sahihi kwenye hapana.”

“Zao zilikosea na ngapi?” Firmin akauliza, kama fundi anavyomuuliza mtu habari za fundi mwenzake.

Lambert akainamisha kichwa. “Sikuzipima, papa. Hata moja.”

Firmin akawaona, watu wanane asiowajua sura, kila mmoja amesimama mbele ya mashine yake anaitazama mikono yake mwenyewe na kujiuliza imemsaliti lini.

“Usifunike kalamu,” akasema. “Kaa hapo. Nipe majina yao, na mahali wanapokaa. Barua ya kwanza tunaandika sasa, wajue pete zao hazikupimwa, na weye unatia sahihi.”