Nilivyosubiri Umeme wa Maji

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini nilipojua umeme unatoka wapi, na nilijua nusu tu. Hiyo nusu ndiyo iliyoniponza.

Darasa letu la jioni, sisi akina mama wa Ngonga, lilikuwa kwenye jengo la shule ya msingi. Jumanne moja mwalimu alitufundisha kwamba umeme wa nchi hii unatokana na maji ya mabwawa. Nilifurahi sana. Maji si Mungu anatupa bure! Alhamisi aliendelea na somo, mimi sikwenda. Nilikuwa mazoezi ya kwaya.

Jumapili yake tulikuwa na mkutano wa akina mama kutoka makanisa ya jirani, na wali wa wageni nilijitolea mimi. Hakuna aliyeniomba. Nilinyoosha mkono mchungaji hajamaliza hata kusema.

Ijumaa nikapeleka mpunga kukoboa, madebe matatu kwenye baiskeli. Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, mashine ni za watu binafsi, kila mtu na bei yake. Mwenye mashine akaniambia, "Mama, kuna mgao. Nakoboa kwa dizeli, bei imepanda."

"Mgao wa nini?"

"Wa umeme. Maji yamepungua."

Nilikuwa nimesimama kwenye maji! Maji ya mvua yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni kwake, kandambili zangu zinataka kuelea.

"Yamepungua wapi, baba? Na haya ni chai?"

Foleni nzima ikacheka. Kicheko kile kikanipanda kichwani, nikawageukia nikaanza kuhubiri: umeme ni maji, maji tunayo, huyu anatuibia, msilipe! Wakanisikiliza kwa adabu zote. Halafu mmoja mmoja wakalipa, wakakoboa, wakaenda zao.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nasubiri umeme wa maji."

"Haya. Ndaga, asante mama. Karibu benchi."

Nilikaa kwenye benchi lile mpaka akafunga.

Jumamosi asubuhi nikatoa kinu. Mume wangu akaja kusimama mlangoni na kikombe chake.

"Sasa mashine hii inatumia mafuta gani?"

"Inatumia uji. Ondoka hapo."

Mpaka mchana nilikuwa nimemaliza debe moja, nusu yake chenga, viganja vimetoka malengelenge. Wageni wanakuja kesho. Kiburi changu kingeweza kuvumilia wiki nzima, lakini wale akina mama wangelala njaa. Nikapakia mpunga uliobaki, nikarudi mashineni.

"Naomba wa dizeli."

Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akamimina mpunga wangu huku anasema taratibu, "Mama, mabwawa yako kule Iringa na Dodoma. Huko ndiko kumekauka. Mvua yetu hii inaishia ziwani. Hata serikali sasa inawasha majenereta, mafuta inanunua nje, ghali. Kwani darasani hamkufundishwa?"

"Wenzangu walifundishwa. Mimi nilikuwa kwaya."

Jumapili wageni walikula wakashiba, wali wa mashine umechanganyika na chenga zangu. Kabla ya kula niliambiwa niombe. Nikamshukuru Mungu kwa chakula, nikamwomba msamaha kwa kumwita mwenye mashine mwizi mbele za watu, na mwenyewe alikuwepo, kakaa na mkewe. Kisha nikaomba mvua, nikataja na mahali: Iringa na Dodoma, siyo hapa, hapa inatosha. Nilipofika kwenye bei ya dizeli, mchungaji akasema amina.